Karakana, labu na fildi vyuoni: hivi tunajua nani anashika mashine na nani anaandika tu?

#1 Mwalimu wa Karakana

Habari za leo wakuu. Mimi ni mwalimu wa karakana kwenye chuo kimoja cha ufundi huku Nyanda za Juu Kusini, chuo sitakitaja, mwaka wa kumi na moja huu nipo na vijana wa diploma ya mitambo. Naleta jambo limenikaa kifuani toka mwaka jana naomba tulijadili vizuri maana linagusa watoto wetu na wadogo zetu.

Ilikuwa Jumanne. Kundi la wanafunzi watano, leizi moja (mashine ya kukereza chuma), kipindi cha masaa matatu. Kazi yenyewe nyepesi, unachukua chuma cha mviringo cha milimita 30 unakikereza kinafika 25 af unakitoboa katikati. Siku hiyo mgongo ulikuwa unanisumbua kwaiyo badala ya kuzunguka nikakaa kwenye stuli pembeni na daftari langu, nikaanza kuandika nani kashika nini na kwa muda gani. Sikuwa na mpango wowote, niliandika tu kama mtu anavyohesabu magari akiwa kituoni.

Masaa matatu yakaisha nikaangalia nilichoandika. Kijana ambaye baba yake ana gereji kashika mashine saa moja na dakika arobaini. Wa pili, yeye katokea sekondari ya ufundi, kama dakika hamsini. Wa tatu kazi yake ilikuwa kwenda stoo na kurudi, akifika anageuza gurudumu mara mbili tatu anatumwa tena. Binti pekee kwenye kundi, katoka Ludewa huko, yeye ndo katibu, anaandika vipimo, mwandiko safi ungedhani umechapwa. Wa tano alisimama nyuma ya mabega ya wenzake kipindi kizima, kashika mashine dakika nne, na hizo nne ni za kufagia nyuzi za chuma kwa brashi wakati tunafunga.

Ripoti ikaja moja, majina matano. Wote niliwapa 78.

Niliendelea kuandika wiki zilizofuata kwa makundi mengine bila kuwaambia, na sura ilikuwa ile ile. Anayejua ndo anashika, kwa sababu muda hautoshi na kila mtu anataka kazi iishe ipate maksi, na asiyejua anazidi kutojua mpaka anapewa cheti. Hakuna mtu mbaya hapo ndani. Yule wa gereji hajamnyang'anya mtu kitu, wenzake wenyewe ndo wanamsogezea mashine. Na mimi ndo niliyekuwa nasaini mahudhurio naona kila kitu kiko sawa.

Nilipofuatilia wanaobaki nyuma ni kina nani nikakuta ni wale wale: waliotoka shule za kata ambazo hazina karakana wala labu ya maana, mabinti, na kijana mmoja kiziwi ambaye kila kundi linampa kazi ya kushika tochi.

Basi muhula huu nimebadilisha. Ukutani nimebandika karatasi, kila kituo kina nafasi tano: mwendeshaji, mpimaji, msoma mchoro, wa usalama, mwandishi. Kila baada ya dakika 35 napiga kengele, kila mtu anahama nafasi. Aliyeko kwenye mashine ndo peke yake anayegusa mashine, wengine wanasaidia kwa mdomo na mikono iko nyuma, hata kama anakosea, labda kama ni hatari hapo mimi mwenyewe naingilia. Na maksi za kundi zimebaki nusu, nusu nyingine kila mmoja anakuja mbele yangu peke yake dakika tano, afunge chuma, apange kisu kwenye senta, awashe, akate mara moja. Jumamosi asubuhi nafungua karakana kwa ambao hawajawahi kugusa kabisa, hao tu.

Wenzangu idarani wanasema napoteza muda na vyuma. Ni kweli vyuma vimeharibika vingi wiki za mwanzo, siwezi kubisha. Ila sasa fildi, yale mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, inakuja na naona huko ni yale yale tena makubwa zaidi. Nataka kusikia walioko vyuoni, walioko makazini na mafundi. Mlipitaje?

#2 Kijana wa Kata

Mwalimu umenirudisha mbali sana aisee.

Mimi nimesoma shule ya kata. Wazazi wetu walichangishwa miaka ile ya 2013, 2014 kila shule ya kata ilipotakiwa ijenge maabara tatu, fizikia, kemia na baiolojia. Mama alitoa hela na kuku juu. Kwetu vyumba vilisimama, meza za saruji zikawekwa, maji hayakufika na vifaa vilivyokuja vilifungiwa kabatini kwa sababu vilikuwa vichache na mwalimu aliogopa vitavunjika. Kwaiyo kemia tulifundishwa kwa kuchora. Bureti, lile bomba la kioo la kupimia kimiminika, niliichora mara mia, naweza kuichora hata usingizini na koki yake.

Nafika chuo kikuu, BSc na ualimu, taitresheni ya kwanza, ile ya kudondosha asidi kwenye alkali mpaka rangi ibadilike. Kichwani najua kila kitu, methili orenji, ile rangi ya kupimia, kwenye alkali ni njano, asidi ikizidi inakuwa nyekundu, unatakiwa usimame pale inapoanza kuwa ya chungwa. Nikafungua koki. Jamani hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ile rangi inabadilika kwa tone moja, nilidhani inabadilika taratibu kama chai inavyokolea. Nikapitiliza. Nikarudia nikapitiliza. Mara ya nne mwenzangu ambaye kasoma seminari akanigusa bega kwa upole kabisa akaniambia kaka wewe kaandike, mimi nitapiga. Alitaka kunisaidia na nilimshukuru kwa moyo wote. Toka siku hiyo mpaka mwaka unaisha sijashika bureti tena, na kozi nimefaulu B.

Sasa hivi ni mwalimu wa kemia kwenye shule ya kata. Unaona duara hilo? Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa naogopa bureti mbele ya wanafunzi wangu, nilijifungia labu usiku na maji ya chokaa na limao najifunza mwenyewe. Kama mtu angenipigia kengele ya dakika 35 pale chuo nisingekuwa na huo uoga.

#3 Mwaka wa Tatu Umeme

Mi naongelea fildi maana hapo ndo watu wanaumia kimya kimya.

Nina mkopo. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo unasema mafunzo kwa vitendo ni hadi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, yaani ukipata yote ni 560,000. Ukiwa kijijini unaona ni hela. Sasa nipate nafasi Dar, sina ndugu Dar. Chumba cha 60,000 na mwenye nyumba anataka miezi mitatu mkononi, hiyo 180,000. Daladala mbili kwenda mbili kurudi 2,400, siku 40 za kazi ni 96,000. Kula nimejibana kwa 5,000 kwa siku, mara 56 ni 280,000. Jumlisha hapo utapata 556,000. Imebaki 4,000, na sijanunua buti, sijanunua ovaroli, sijaprinti ripoti, sijaumwa hata siku moja, na chumba hakina hata godoro.

Na hiyo ni kama hela imeingia kabla hujasafiri. Mwaka jana yangu iliingia wiki ya tano. Wiki nne nilikaa kwa rafiki wa dada yangu, nalala sebuleni, naamka saa kumi alfajiri kabla wenye nyumba hawajaamka ili nisiwe kero.

Ila mimi nina afadhali. Rafiki yangu tunasoma nae hana mkopo kabisa. Yeye alirudi kwao akafanya fildi ofisi ya kijiji, amesomea umeme, wiki nane anaandika barua za utambulisho na kupanga mafaili. Logibuku, lile daftari la kuandika kazi za kila siku, kajaza, imepigwa mhuri, supavaiza wa chuo kapiga simu kauliza anaendeleaje, basi. Kwenye matokeo mimi na yeye tuna A zote mbili. Tukienda kwenye usahili watamuuliza transfoma inapozwa na nini ataanza kutetemeka, na ana akili kunizidi, mimi ndo nilikuwa nadesa kwake.

Kingine ni kupata nafasi yenyewe. Nilipeleka barua 14 kwa mkono, nikajibiwa mbili. Kuna wenzetu hawakuandika hata moja, anko kapiga simu. Siwalaumu, na mimi ningekuwa na anko ningempigia, ila chuo kinaona wote tuko fildi kinaridhika.

#4 Nondo

Naomba nitofautiane kidogo, tusitukanane.

Mleta uzi naona una nia njema ila huko tunakoelekea ni kulea. Kiwandani hakuna kengele ya dakika 35. Bosi anaangalia nani anaweza anampa kazi, asiyeweza anajifunza kwa kuangalia mpaka na yeye aweze. Mimi nilijifunza hivyo, hakuna aliyenishika mkono. Ukimzuia yule kijana wa gereji asishike mashine unamrudisha nyuma ili wengine wamfikie, hiyo ni haki gani? Na huyo binti kama anataka kushika si aseme? Mdomo anao.

Halafu tuwe wakweli, kuna vyuo darasa moja watu 90 na mashine tatu zinazofanya kazi. Hiyo rota yako ya kubadilishana nafasi itazunguka saa ngapi?

#5 Injinia wa Gridi

Nondo kaka yangu nakujibu kwa heshima, mimi ni huyo binti mwenye mdomo.

Nilikuwa PT (fildi yetu wahandisi) ya mwaka wa pili kwenye kampuni moja, sitaitaja. Wanafunzi sita, wasichana wawili. Siku ya kwanza fomeni kagawa kazi, wavulana wanne wakapanda gari kwenda saiti, sisi wawili tukaambiwa tubaki ofisini "kusaidia nyaraka". Nikasema. Nilisema kwa adabu siku hiyo hiyo, nikasema na mimi ningependa kwenda saiti. Jibu lilikuwa saiti hakuna choo cha wanawake na buti zilizopo zinaanzia namba 8. Mimi navaa namba 4. Yule fomeni wala hakuwa ananichukia, alikuwa ananiita mwanangu, na aliamini kabisa ananihurumia. Nikakaa wiki mbili natoa kopi na kumpelekea chai mgeni wa bosi. Wiki ya tatu nikanunua buti zangu kwa hela ya chakula, nikaanza kusimama kwenye gari asubuhi kabla dereva hajafika, ndo nikapanda.

Sasa niambie, wale wanne walihitaji kusema? Walihitaji kununua? Wao walikabidhiwa buti na helmeti siku ya kwanza. Mwenzangu yeye hakuwa na hela ya buti wala uso mkavu kama wangu, alimaliza wiki nane kwenye kopi. Leo anauza vipodozi, na biashara yake inaenda vizuri namuombea kila heri, lakini alikuwa na hesabu kali kuliko mimi na nchi imempoteza kwenye umeme kwa sababu ya buti.

Na sio kwamba haya mambo hayajawahi kujaribiwa hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) mwishoni mwa miaka ya 90 walianzisha maandalizi ya wasichana kabla ya kuingia digrii za sayansi, baadaye na uhandisi, mtu anapigishwa msasa kabla mwaka haujaanza, waliingia hivyo wengi tu na wamemaliza na wapo makazini. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina ule mpango wa SEAP toka 2003, mhitimu anawekwa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu na anapewa posho ya kujikimu, na kuanzia 2010 Norway waliingiza hela mahsusi kwa wahandisi wanawake. Mimi nimepita SEAP. Posho ile haikuwa kubwa, ila ilinifanya nikae saiti badala ya kutafuta kazi ya kaunta, na nilikuwa na mtu wa kuandika kwenye logibuku yangu nimefanya nini kwa mikono yangu. Huko hakuna aliyenipa maksi za bure, usahili wa Bodi ulikuwa moto kama wa kila mtu.

Makerere, Uganda, walianza 1990 kuongeza pointi 1.5 kwa wasichana wanaoomba kujiunga. Hiyo inakuingiza mlangoni. Mleta uzi anaongelea baada ya mlango, pale kwenye mashine, na hapo kwa miaka mingi hatujapaangalia.

#6 Mwalimu wa Karakana

Asante dada Injinia, umesema vizuri kuliko ningeweza.

Nondo swali lako la watu 90 ni la kweli na nalijibu kwa nilivyoona mimi. Kwangu wako 62 na leizi zinazokubali ni nne. Siwezi kuweka watu watano watano wote kwa wakati mmoja, kwaiyo nimegawa darasa mara tatu, wengine wako kwenye kuchomelea, wengine benchi ya kupiga tupa na kuchora mistari kwenye bati. Ratiba imenichosha na nafanya masaa ya ziada ambayo hayalipwi. Sisemi ni rahisi. Nasema mashine nne zile zile, umeme ule ule, chuma kile kile, na mwaka jana watu kama ishirini wangemaliza bila kuwahi kuwasha.

Kuhusu kijana wa gereji, usiwe na wasiwasi nae. Zamu yake ikiwa ya msoma mchoro ndo nikagundua mchoro hasomi kabisa, alikuwa anakereza kwa jicho. Kazi za gereji zinaenda hivyo, ila akienda kiwandani akapewa mchoro wenye vipimo vya sehemu ya mia ya milimita atakwama. Sasa anasoma. Na yeye alikuwa anabaki nyuma upande ambao mimi nilikuwa siuoni.

#7 Mkalimani wa LAT

Habari ndugu zangu. Mimi ni mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT), nimeshafuatana na wanafunzi viziwi kwenye vyuo viwili tofauti. Mwalimu kamtaja yule kijana wa tochi nikaona nisipite.

Kitu ambacho watu wanaosikia hawakifikirii: nyie mnasikiliza kwa masikio na kuangalia mashine kwa macho kwa wakati mmoja. Kiziwi ana macho tu. Mwalimu akiwa anaongea huku anaonyesha kufunga chuma, mwanafunzi akimwangalia mkalimani anakosa mikono ya mwalimu, akiangalia mikono anakosa maelezo. Kila kipindi cha vitendo anapata nusu. Dawa yake haina gharama hata senti, mwalimu aseme kwanza, anyamaze, af aonyeshe, asimame, aseme tena. Niliwahi kumwomba mwalimu mmoja afanye hivyo akafanya, na wanafunzi wanaosikia ndo waliokuja kumshukuru kwa sababu na wao walikuwa hawaelewi.

Lingine ni alama zenyewe. Vifaa vingi vya karakana havina alama iliyokubalika, kila mara tunatunga papo hapo mimi na mwanafunzi, nikiumwa akaja mkalimani mwingine msamiati wote unaanza upya. Sisi wawili tuliishia kujirekodi kwenye simu, kifaa kwenye picha na alama yake, tukaacha pale chuo kwa atakayekuja.

Na usalama. Mashine inayoanza kutoa sauti mbaya nyie mnaruka, yeye hajui. Taa moja inayowaka mashine ikiwa inazunguka, na mwenzake mmoja ambaye kazi yake ni kumpungia mkono aonekane, inatosha kabisa. Nimesikia mara nyingi "huyu tusimpe mashine ataumia", hiyo huruma ndo inayomfanya ashike tochi miaka mitatu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sasa wataajiriwa wapi kama fundi wakati chuoni walinyimwa kugusa?

#8 Mkufunzi Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Huku tunaita atachimenti, na shida inafanana na yenu. NITA ndio inasimamia mafunzo ya viwandani, lakini mwanafunzi bado anatafuta nafasi mwenyewe, na mashirika mengi yanadai bima ya ajali kabla hujakanyaga geti. Bei ya bima si kubwa kwa mtu ako na kazi, lakini nimeona kijana wa Turkana amepata nafasi nzuri akaipoteza kwa kukosa hiyo pesa. Tangu hapo idara yetu huchukua bima moja ya darasa lote, inatoka bei ya chini sana kwa kila mmoja na hakuna anayeachwa. Jaribuni hiyo.

#9 Fundi wa Ipogolo

Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Mimi sio msomi, darasa la saba, nina gereji Ipogolo hapa Iringa, natengeneza gia boksi na difu za malori miaka 19 sasa. Cheti nilipata kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kupitia ule utaratibu wao wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, walikuja wakaniangalia nafanya kazi, wakanifundisha nilipopungua, wakanipima, nikafaulu.

Nina swali kwa vyuo. Kwanini mnapeleka vijana wote kwenye makampuni makubwa ambako wanakaa wanaangalia? Kwangu hapa lori likiingia lazima lifunguliwe leo, mwenye gari amekaa hapo kwenye benchi anasubiri, hakuna mtu wa kuangalia tu. Nimewahi kuletewa mwanafunzi mmoja kwa bahati, mpwa wa mteja, wiki nane kafungua gia boksi sita, ya mwisho kaifunga yeye mimi nimekaa pembeni nakunywa uji. Chuo kilimkatalia logibuku kwa sababu gereji yangu haina mhuri wa kampuni na mimi sina digrii ya kumsimamia. Akarudia fildi yote. Niliumia sana kama mtoto wangu.

Kijana wa kwetu hapa akifanya kwangu analala kwao, anakula kwao, ile 560,000 ya dada wa mkopo hapo juu hata nusu haiishi.

#10 Mwaka wa Tatu Umeme

Fundi hii ya kulala nyumbani ingemuokoa rafiki yangu. Kijijini kwao kuna mtu anarewaindi (anasuka upya waya za) mota za mashine za kusaga, ni kilomita mbili tu toka pale ofisi ya kijiji. Hakuna aliyemwambia kwamba inaruhusiwa, na yeye hakuthubutu kuuliza.

#11 Nondo

Injinia nimekuelewa, hilo la buti sikuwahi kulifikiria na nimekaa saiti miaka mingi. Ni kweli buti zetu zinaanzia 8. Sikuwahi kujiuliza kwanini.

Bado nina wasiwasi wa nani atalipa. Mleta uzi anafanya masaa ya ziada bure, akihama rota inakufa. Waajiri tunakatwa ile tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, imeshushwa mpaka asilimia 3.5 mwaka 2023 lakini bado ni hela, na sijawahi kuona mwanafunzi wa fildi akija kwangu na helmeti iliyotokana nayo.

#12 Mwalimu wa Karakana

Nondo hapo tuko pamoja na nafurahi umebaki kwenye uzi.

Hela zipo zinazoingia. Ule mradi wa HEET wa elimu ya juu, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, umekuwa ukijenga maabara na karakana vyuo vikuu mbalimbali, na mimi nafurahi sana kuona majengo. Lakini nawaza karakana mpya ya mashine 20 itafunguliwa, utepe utakatwa, na Jumatatu kijana wa gereji atasogezewa mashine binti atasogezewa daftari. Kwenye fomu zetu zote za ukaguzi tunajaza idadi ya mashine na idadi ya wanafunzi, hakuna mahali pa kujaza mwanafunzi huyu kashika dakika ngapi. Ningeweza kubadilisha kitu kimoja tu nchi nzima ningeweka safu hiyo moja kwenye logibuku, ya karakana na ya fildi: leo mikono yangu imefanya nini, na mtu aliyekuwepo asaini. Rafiki yake dada wa umeme angeandika siku ya kwanza "nimepanga mafaili", siku ya pili "nimepanga mafaili", na supavaiza angelazimika kuona kabla ya wiki ya nane.

Kwa upande wangu nimechukua vitu kwenye uzi huu na nimeanza navyo. Kuanzia wiki hii nasema kwanza, nanyamaza, ndo naonyesha. Mwanzoni ilinishinda, mdomo umezoea kwenda na mikono, yule kijana wetu akawa ananyoosha kiganja kunisimamisha, ikaenda. Alhamisi zamu ya mwendeshaji ikamfikia. Alipanga kisu akainama jicho likawa sawa na senta, akawasha, akaweka vidole viwili juu ya fremu ya mashine kabla ya kukata, nikamuuliza kwa kuandika unafanya nini, akaandika "nasikiliza". Mtetemo ulipobadilika alipunguza mwendo kabla hata mimi sijasikia sauti. Nyuzi zikaanza kutoka ndefu zimejisokota, zina rangi ya bluu kwa mbali. Nimefundisha miaka kumi na moja nilikuwa sijui kwamba mashine inasikika kwa vidole.

Bima ya pamoja nimeipeleka kwa mkuu wa idara na hajakataa. Mhuri wa mafundi nao nimeandika, nimependekeza fundi aliyepimwa na VETA akubalike kusimamia na mimi nipite kila wiki mbili kuthibitisha.

Fundi wa Ipogolo, nina wanafunzi wawili wanakaa hapo hapo Iringa, mmoja ni huyo binti wa Ludewa, anakaa kwa shangazi yake Mkwawa. Wakubalie?

#13 Fundi wa Ipogolo

Walete mwalimu. Waje Jumatatu saa moja asubuhi, wavae ovaroli, nywele zifungwe, pete zibaki nyumbani. Choo kipo, mke wangu anauza chakula hapo pembeni ana ufunguo. Kuna difu la lori inaingia Jumapili usiku kwaiyo wataanza na hiyo. Buti ndo sina za kuwapa.

#14 Mwalimu wa Karakana

Ovaroli nimeshashona kwa fundi nguo hapa, za vipimo vyao. Mvulana buti anazo. Binti anavaa namba 4, nimezunguka maduka yote ya hapa mjini sijapata, ya chini kabisa ni 6. Kama kuna mtu Dar anajua zinapouzwa anisaidie, nitamtumia hela.

#15 Injinia wa Gridi

Usinunue. Zile za PT bado ninazo, nilikuja kupewa mpya nilipoanza SEAP hizi nikaziweka, soli iko vizuri, chuma cha mbele hakijabonyea, kamba tu ndo nitabadilisha. Naziweka kwenye basi la kesho asubuhi, zitafika stendi ya Igumbilo jioni. Njoo piemu nikupe jina la basi na namba ya konda.

#16 Mwalimu wa Karakana

Nakuja piemu sasa hivi. Nitaenda kuzipokea na yeye mwenyewe.